Mbegu Isiyo na Saini

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu kidogo kuhusu maradhi ya muhogo. Taasisi iliyonipa kazi hiyo sitaitaja, kwani haya nisemayo si mashitaka. Nilikitafsiri kwa wiki tatu, usiku, baada ya shughuli zangu za mchana, na nilijitahidi Kiswahili chake kisomeke kama kilichozaliwa Kiswahili. Kilipotoka kiwandani nilikipekua ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Mfadhili ametajwa, mpiga picha ametajwa, mchapaji ametajwa na anuani yake ya posta. Jina la mfasiri halimo. Sitaki kumficha msomaji: nilikasirika, na hasira ile ilikaa nami muda mrefu kuliko ujira wenyewe.

Katika hasira hiyo ndipo nilipoanza kujiuliza suali ambalo hadi leo sijalimaliza. Mtu aliyetoa kitu chenye manufaa ana haki gani juu ya kitu hicho? Je, manufaa yakishafika kwa wenye haja, jina linaongeza nini? Na ikiwa haliongezi kitu, kwa nini kuondolewa kwake kunauma?

Mimi si mwanasayansi. Skuli niliiacha mapema, na nilichonacho nimekiokota vitabuni, aghalabu vitabu vya watu wengine. Lakini kijitabu kile kilikuwa na aya moja fupi ya historia, na katika aya hiyo palikuwa na jina la mahali ambalo kwa sikio la mshairi haliwezi kupita hivi hivi: Amani. Nikataka kujua yaliyotendeka Amani. Nikasoma, nikaazima, nikauliza, na mwishowe nikavuka bahari nikapanda milima.

Nilianzia Lushoto kwa sababu ndiko nilikokuwa na mwenyeji. Lushoto ni Usambara ya magharibi. Amani ni Usambara ya mashariki, na baina yao limelala bonde la mto Lwengera. Ndege angelivuka asubuhi moja. Binadamu sharti ashuke Soni hadi Mombo, apite Korogwe, afike Muheza, kisha aanze kupanda tena kwa kona zilizofunikwa na msitu. Nataja jiografia hii kwa sababu milima hii miwili, katika miaka ile ile na chini ya serikali ile ile, ilishuhudia namna mbili za elimu zilizofikia mwisho tofauti kabisa.

Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 900. Baada ya vita vya kwanza vya dunia kituo kikaingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1928 akafika hapo Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini juu ya ugonjwa wa michirizi ya mahindi. Cheo chake kilikuwa cha mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Lakini kazi iliyomtoa katika safu ya watumishi wa kawaida wa serikali ni kazi ya elimu ya nasaba, ile iliyoasisiwa na mtawa Gregor Mendel kwa kupanda njegere.

Ugonjwa wa michirizi ya mahindi huenezwa na kidudu kirukacho, chembamba, cha urefu wa milimita tatu hivi, kinachofyonza utomvu wa jani. Jina lake la kitaalamu ni Cicadulina mbila. Storey aliona jambo ambalo mtu mwingine angelipuuza: miongoni mwa vidudu hivyo, wako wanaoeneza ugonjwa na wako wasioueneza, ingawa wamefyonza jani lile lile. Akawazalisha mbalimbali, akawaoza, akawahesabu watoto wao kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1932 akatangaza kwamba uwezo wa kueneza ugonjwa ni urithi, tena urithi uliofungamana na jinsia. Dume mwenye uwezo akimwoa jike asiyekuwa nao, mabinti wote huupata uwezo wa baba na wana wa kiume hawaupati. Mwaka uliofuata akaeleza jambo la ajabu zaidi: ukimtoboa kidudu asiye na uwezo kwenye utumbo wake kwa sindano nyembamba, anaanza kueneza ugonjwa. Kumbe tofauti iliyorithiwa ilikuwa katika ukuta wa utumbo, kama mlango ambao kwa wengine hufunguka na kwa wengine haufunguki.

Hebu fikiri, msomaji, subira ya mtu anayemtoboa utumbo mdudu wa milimita tatu, mlimani, mwaka 1933. Ulimwengu wa wanazuoni ulimlipa. Mwaka 1946 alichaguliwa kuingia katika Royal Society ya London, heshima ambayo mwanasayansi wa Uingereza haipati mara mbili. Tukipima taathira ya mwanazuoni kwa mizani ya wanazuoni wenyewe, yaani nani amemtaja na mara ngapi, Storey angelihesabiwa kwa kidudu chake.

Lakini mimi nilipanda mlima kwa ajili ya muhogo.

Muhogo, kama tujuavyo, ni mgeni. Ulitoka Amerika ya Kusini kwa meli za Wareno, na kwetu Unguja umekaa mpaka umesahau ugeni wake. Ardhi ya maweni ya kusini, ambako jembe hugonga jiwe kabla halijagusa udongo, inaujua vyema. Wakati Storey anafika, muhogo wa pwani ya Afrika Mashariki ulikuwa umeandamwa na maradhi mawili. La kwanza ni batobato, linalokunja majani na kuyatia manjano, ambalo lilikwisha elezwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894 katika nchi hii hii. La pili Storey mwenyewe ndiye aliyeliandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kutokana na aliyoyaona kwenye miteremko ya Usambara: michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili una hiana. Majani huweza kuonekana mazima, mti ukasimama vizuri, mkulima akapita kila siku akaridhika nao. Siku ya kuchimba ndipo anapoukata muhogo akaukuta ndani umekauka na kuoza kwa rangi ya kutu, haufai kwa mtu wala kwa mbuzi.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza mwaka 1937 mpango wa kuzalisha muhogo utakaostahimili maradhi haya. Walipoona mihogo ya kawaida haina nguvu ya kutosha, wakageukia jamaa yake wa mbali, mti uitwao mpira: Manihot glaziovii, uliopandwa na walowezi wa Kijerumani mkoani Tanga kwa tamaa ya ulimbo wake, kisha ukaachwa bei ya mpira ilipoanguka. Watu wa Tanga wanaujua mti huo kwa njia nyingine. Hawakuwa na haja na mpira. Waliyapika majani yake, na hata leo kisamvu cha mpira ni kitoweo cha heshima. Naam, mti ulioshindwa biashara ukafaa jikoni, na baadaye ukafaa maabara.

Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alikuwa na afya, lakini mizizi yake haikuliwa. Ikabidi arudishwe kwa upande wa muhogo, na mtoto wake arudishwe tena, na mjukuu arudishwe tena, ili utamu na unene wa mzizi urejee bila kuipoteza nguvu ya mpira. Kazi hii haiharakishwi. Muhogo unataka mwaka mmoja kukua, na ugonjwa unataka muda wake kujionesha. Kituo kilipohamishiwa Muguga karibu na Nairobi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Storey naye alihamia huko. Nichols hakuwako tena katika kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na akaishika D. L. Jennings. Mwaka 1957 mpango ukafungwa. Miaka ishirini kamili, na mtu aliyesimama Amani siku ile angeliweza kusema kwamba haukuacha kitu ila madaftari yaliyojaa namba.

Namba mbili kati ya hizo nataka tuzifuate.

Ya kwanza ni 5318/34. Mbegu za mti huo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kutokana nazo ukachaguliwa huko muhogo uliopewa namba 58308. Ulikaa. Kisha taasisi ya kilimo cha nchi za joto ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, na mtaalamu wa Kikorea Sang-Ki Hahn akafika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaukuta mmea huo, akautumia kuwa mzazi. Wajukuu wake ndio mihogo iliyosambaa Afrika nzima, na mmoja wao, TMS 30572, ulifika Uganda ukaitwa Migyera, nao ulikuwa miongoni mwa mihogo iliyorudisha chakula mashambani wakati batobato kali ilipoifagia nchi hiyo katika miaka ya 1990. Hahn wenyeji wa Nigeria walimtawaza kuwa chifu. Hilo nalo ni jina, na kwa hakika mimi naona ni zuri kuliko herufi za London.

Namba ya pili ni 46106/27, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Muhogo huu haukupelekwa popote kwa barua ya serikali iliyopata umaarufu. Ulitoka kituoni ukaenda mashambani kama vitu vya mashamba vinavyokwenda, kwa pingili zilizofungwa kamba, kutoka mkono hadi mkono. Miongo kadhaa baadaye watafiti walipokuwa wakizunguka pwani ya Kenya kutafuta mihogo inayostahimili michirizi ya kahawia, wakaonyeshwa mmoja uitwao Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakaonyeshwa mwingine, unaopendwa mno na wakulima, uitwao Namikonga, wakauandika katika orodha ya mihogo ya asili ya wenyeji. Ilipowezekana kusoma nasaba ya mmea kwa herufi zake za ndani, ikadhihirika kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, na mmea huo ni 46106/27 wa Amani. Uchunguzi wa jenomu uliotangazwa mwaka 2016 ukaonyesha vipande vya mti wa mpira vimetawanyika ndani ya mihogo mingi ya Afrika.

Muhogo haupandwi kwa mbegu mashambani. Hupandwa kwa kipande cha shina. Kwa hiyo Namikonga si mtoto wa 46106/27 wala mjukuu wake. Ni wenyewe, mwili ule ule, uliokatwa na kupandwa na kukatwa tena kwa zaidi ya nusu karne, na wakati wote huo namba imesahauliwa, kituo kimesahauliwa, Storey amefariki mwaka 1969, na mmea umepewa jina jipya na watu ambao hawakujua kama una jina la zamani. Anayejua namna tungo zetu zilivyosafiri, beti likitoka Pate likafika Mikindani bila mtunzi wake, hawezi kulistaajabia jambo hili sana. Lakini beti hubadilika midomoni. Huu haukubadilika hata herufi.

Sasa, nani mwenye muhogo huu?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, nilipomweleza haya alijibu kwa haraka: ni wa Waingereza, tuwe na insafu. Mwengine, mdogo wake kwa umri na mkali zaidi, akasema haiwezekani. Kituo kilijengwa juu ya ardhi iliyotwaliwa, kwa kodi na jasho la watu wasioulizwa, na kila alichokizalisha ni deni lililolipwa nusu. Niliwasikiliza wote wawili na kila mmoja alinishawishi alipokuwa akisema. Ni kweli kwamba historia iliyoandikwa inamtaja Storey, Nichols na Jennings. Mikono iliyochavusha maua kwa maelfu, iliyobeba pingili, iliyolima, haimo. Na ni kweli vile vile kwamba mikono hiyo peke yake, bila ya lile wazo la kurudi kwa muhogo mara tatu, isingelifika hapo ilipofika.

Ndiyo maana narudi Lushoto.

Katika miaka hiyo hiyo, Nichols na Jennings wakichavusha maua mashariki, serikali ilikuwa na elimu nyingine ya kuwapa Wasambaa wa magharibi. Mwaka 1946 ulianza Mlalo mradi wa kuhifadhi udongo, ukapanuliwa baadaye katika milima ya Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko mikali, na asiyetii alitozwa faini. Kitaalamu hoja haikuwa ya kipuuzi. Udongo ulikuwa kweli ukiteremka na mvua. Lakini matuta yale yaliongeza kazi, na kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake, na nyuma yake watu waliona hofu ya kunyang'anywa ardhi. Wasambaa wana maneno yao ya kale ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza jinsi wakulima wenyewe walivyouhukumu mradi ule kwa mizani hiyo. Walikataa. Kabla ya uhuru mradi ukafa.

Mwenyeji wangu wa Lushoto alinionyesha mlima ulio mbele ya nyumba yake, umelimwa mpaka juu, viazi na kabichi, na akasema babaake alikuwa miongoni mwa waliokataa. Nikamuuliza kama udongo hauteremki. Akacheka: unateremka. Akaongeza kwamba sasa wanachimba makinga maji wenyewe, wale wanaotaka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba rafiki zangu wawili walikuwa wakiuliza suali la mmiliki, ilhali lililo muhimu ni la namna kitu kilivyopokewa. Tuta lilikuja na jina la mwenyewe limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa: hili ni la Serikali. Mkulima hakuweza kulipokea bila kumpokea na mwenyewe. Pingili ya muhogo ilikuja bila mwenyewe. Mtu aliiona kwa jirani, akaiomba, akaipanda pembeni, akaonja, akangoja misimu miwili, kisha akaamua. Uamuzi huo nao ni utafiti. Wakulima waliipima 46106/27 katika mashamba mengi na kwa miaka mingi kuliko Amani ilivyoweza, na hukumu yao waliitoa kwa kuendelea kuipanda. Kwa maana hiyo jina Namikonga si wizi wala usahaulifu. Ni saini ya mtafiti wa pili.

Lakini hapa nijizuie, kwani naona hoja yangu inanipeleka mahali pazuri mno. Ikiwa kutokuwa na jina ndiko kulikoufanya muhogo upokewe, basi nitakuwa nimewapa kisingizio wote wanaofuta majina ya wengine, ikiwa ni pamoja na wale waliofuta langu. Iko tofauti baina ya jina lililopotea njiani na jina lililoondolewa mlangoni. Watu wa Amani waliochavusha maua hawakupotezwa na njia. Hawakuandikwa tangu mwanzo, na tangu mwanzo palikuwa na kalamu na daftari. Hilo ni kosa, na utamu wa muhogo haulifuti. Aliyepoteza jina lake kwa sababu kazi yake imeenea kuliko yeye hana la kudai, na pengine hataki kudai. Aliyenyimwa anadai, na deni halifi kwa kufa kwake. Kisiwani kwetu, mihogo minne iliyotolewa mwaka 2007 kwa kustahimili michirizi ya kahawia ilipewa majina ya mahali, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Naona uamuzi huo una busara yake. Hakuna mtu aliyejipa, na hakuna mkulima wa Unguja atakayeona tabu kuutamka.

Nilipoteremka kutoka Amani nilikaa siku moja Muheza. Mzee mmoja alinichukua shambani kwake, na nyumbani akanitolea, kwa fahari, kijitabu kilichochakaa, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikitambua kabla hajakifungua. Akanisomea kwa sauti sehemu ya kuchagua mbegu, ambapo mimi, kwa kutafuta Kiswahili safi, niliandika vipandikizi. Akasita, akanitazama juu ya miwani.

"Kitabu kina faida," akasema, "lakini huyu aliyekiandika hajawahi kushika jembe. Nani anasema vipandikizi? Pingili, bwana. Sisi twasema pingili."

Nilimwambia ana haki. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Mkewe alikuwa amekwisha nifungia zawadi ya kurudi nayo Unguja: pingili kumi za muhogo aliousifu kwa ulaini wake na kwa kuwa hauozi ndani. Nilimuuliza unaitwaje. Akasema wao huuita wa shemeji, kwa kuwa shemeji yake ndiye aliyeuleta, zamani, hakumbuki kutoka wapi. Nikazishika mkononi. Kwa muda nilitamani mno kuzichukua. Lakini ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu kile, ambao nimeutafsiri kwa mkono wangu, unakataza kuvusha pingili kutoka mahali hadi mahali bila kukaguliwa, kwani ugonjwa hauonekani kwa macho na husafiri ndani ya shina. Nikamweleza hivyo, kwa aibu, maana kukataa zawadi si adabu. Mzee akafungua kijitabu, akautafuta ukurasa, akausoma kimya, akatikisa kichwa kukubali. Mkewe akazichukua, akaziweka chini ya mti wa mpira ulio nyuma ya jiko, akazifunika kwa gunia lililoloweshwa maji, akasema atampa jirani.